Hayupo Uwanjani

4 Februari

Mjomba, shikamoo.

Mkono umesahau kalamu, kwa hiyo ukiona herufi zimelala usidhani naumwa. Mama hajambo, ila magoti yake yamegeuka watabiri wa mvua, na kila yakimuuma anakutaja wewe, kwamba ungekuwepo ungemcheka akapona. Mkazamjomba alitupitia Jumamosi na mapacha. Mmoja kang'oka jino, mwenzake akalia siku nzima kwa wivu.

Nimehamia chumba kingine, ghorofa ya tatu, dirisha linatazama ukuta. Kazini salama. Kila mara unaniuliza nafanya nini, nami nakujibu "kompyuta", nawe unacheka kwamba hata mkata tiketi siku hizi anafanya kompyuta. Niache hapohapo. Tulitia saini karatasi ya kunyamaza. Naweza kusema hivi tu: tunaandika vitu mara moja ili vitumike mara nyingi, na mwaka jana niliandika kimoja kilichosifiwa mbele ya watu. Siku ile nilijiona nimerefuka.

Huko kambini bado simu zinabaki getini? Mama anaona ni uonevu. Nijibu lori la vyakula likitoka.

Mpwa wako,
Bibi Maswali

27 Februari

Bibi Maswali,

Marahaba. Barua yako imekaa siku kumi na moja chini ya gunia la vitunguu, nimeisoma machozi yakinitoka, na wenzangu wamedhani nimefiwa. Mwambie dada yangu magoti yale ni mazee kuliko yeye mwenyewe, maana alitambaa mpaka akakaribia kuanza shule. Mapacha wabusu, ila yule wa wivu umwambie meno hayaombwi.

Mimi mzima. Tumeletewa mashine mpya. Kila askari anavaa fulana yenye kijisanduku mgongoni, ukubwa wa kisahani cha sabuni, na kule juu kwenye kibanda cha kapteni kuna kioo ambacho kila mtu ni nukta ya kijani. Vijana wanapigana kwa bunduki za mwanga bondeni, aliyepigwa fulana yake inalia kama mbuzi, tunafurahi. Kisha wote wanapanda kurudi, na bonde linapigwa kwa mizinga ya kweli ili wazoee mlio. Kazi yangu unaijua: sajenti wa usalama. Bendera nyekundu ya kuruhusu mizinga haipandi mpaka niseme hakuna aliyebaki chini.

Basi Jumanne kapteni anatazama kioo chake: "Sajenti, bonde jeupe. Pandisha."

Nikamwambia, "Afande, nilishusha watu themanini na tano, vidole vyangu vimehesabu themanini na nne."

"Mashine imeshasema."

Nikachungulia. Kando ya namba ya kijana mmoja, tunamwita Mlingoti kwa urefu, imeandikwa kwa adabu kabisa: *Hayupo uwanjani*. Naye yuko mtaroni, kifundo kimeteguka, amelalia kijisanduku ndani ya maji, anatukana kwa sauti mpaka mimi, na umri huu, nikajifunza matusi mawili mapya.

Tumecheka wiki nzima. Sasa mtu akichelewa chakula tunasema hayupo uwanjani, tunagawana nyama yake.

Mjomba

12 Machi

Mjomba, shikamoo.

Mama hajambo. Mapacha hawajambo. Nimeandika salamu kwanza kama ulivyonifundisha, lakini barua yako niliisomea ngazini na nikakaa palepale kwenye ngazi, watu wakinipita.

Nisikilize bila kunicheka. Yale maneno mawili kwenye kioo, yalikuwa hayohayo? Yaliandikwa kwa rangi gani? Nukta ya yule kijana ilififia kwanza, au ilitoweka ghafla? Na ilichukua muda gani tangu aanguke mpaka ikatoweka? Muulize yeye mwenyewe. Mwambie akumbuke vizuri.

Usiniulize kwa nini. Na tafadhali, Mjomba, endelea kuhesabu kwa vidole. Hata wakikucheka.

Mpwa wako

9 Aprili

Bibi Maswali,

Marahaba. Dada yangu ameniandikia kupitia kwako au bado amesusa? Mwambie sikuja sikukuu kwa sababu ruhusa zilikatwa, si kwa sababu nimempenda kapteni kuliko yeye.

Majibu yako. Maneno ni hayohayo mawili. Rangi ya kijivu, kama majivu yaliyopoa. Nukta haikufifia, iliondoka tu. Muda, Mlingoti hakukiona kioo, ila anakisia ni kama nusu sigara, ingawa mbele yangu anaapa havuti.

Mimi nimelea watoto na nimefuga kuku. Najua mlio wa kuku aliyeona mwewe. Barua yako ilikuwa na mlio huo. Mambo uliyotia saini usiniambie, mimi pia nimetia saini yangu miaka ishirini na sita iliyopita. Lakini kama mwewe yupo, nionyeshe upande tu.

Kuhusu vidole: tangu tarehe mosi kuhesabu kwa mdomo kumefutwa. Kapteni anasema kunakula dakika ishirini na tano na mashine tumeletewa ya nini. Mimi sasa nakaa chini ya bendera kama mlinzi wa harusi. Tarehe ishirini Juni kuna mazoezi makubwa, watu mia tatu na arobaini, nusu yao makuruta wa miezi minne. Wengine bado wanafunga kamba za viatu kama watoto wa chekechea.

Mjomba

25 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Mama anasema amekusamehe, ila si yote. Mkazamjomba anasema paa la jikoni linavuja na halitashikwa na fundi wa kuokota, linamsubiri mwenyewe. Salamu zimekwisha.

Maneno yale ni yangu. Niliyaandika mimi, kwa kidole changu, mezani kwangu, nikitafuna karanga.

Hivi ndivyo tunavyofanya kazi. Zamani kila uwanja wa mazoezi ulikuwa na mashine yake, imeandikwa upya toka mwanzo. Sasa sisi tunaandika vipande vya programu: kimoja cha ramani, kimoja cha bunduki za mwanga, kimoja cha nani kapigwa. Kila kipande kinafanyiwa mtihani, kikifaulu kinawekwa kwenye rafu ya pamoja, na anayejenga uwanja mpya anachukua anachotaka, anaunganisha, hakigusi. Hiyo ndiyo fahari yetu yote. Hakigusi.

Changu kinaitwa Mahudhurio. Kinaamua nani yupo na nani hayupo. Nilikiandika kwa ajili ya ghala moja lililojengwa mitaa ya mbao ndani yake, ambako askari hurushiana mwanga tu na hakuna cha kuua. Betri zilikuwa zinakufa, nukta za watu waliokwisha kwenda kula zinabaki kwenye kioo. Wakufunzi wakalalamika: mashine yenu ina mizimu. Basi nikaweka sheria: fulana ikinyamaza sekunde arobaini, nukta ifutwe. Ghalani, aliyenyamaza kaenda kula. Nikasifiwa.

Sikujua kuwa kuna mtu amekichukua rafuni akakipeleka kwenye bonde lenye mizinga. Hakuna anayeniambia vipande vinakwenda wapi. Nimejua kwako, kwa kichekesho cha Mlingoti.

Nilikwenda kwa mkuu wa kitengo. Si mtu mbaya, Mjomba, ningependa awe mbaya. Ananiita mwanangu, na alinisogezea kiti.

"Umejuaje kuwa kipo kwenye uwanja wa mizinga?"

"Nimewaza tu," nikasema.

"Mwanangu, kipande hicho kimefaulu viwanja saba. Ukigusa kimoja umegusa vyote saba. Vyote virudi mtihani, miezi tisa. Tuwaambie nini watu?"

"Kwamba nilikosea."

"Hukukosea. Uliandika kwa ajili ya ghala."

"Nani basi alikipeleka kule?"

Akafikiri kweli, niliona anatafuta. "Hakuna aliyekipeleka," akasema. "Kilikuwa rafuni, kikachukuliwa."

Tangu siku ile nahesabu arobaini bila kutaka. Mama akinyamaza kwenye simu, nahesabu. Lifti ikisimama kati ya ghorofa, nahesabu. Ni muda mrefu kuliko unavyodhani, na bado hautoshi mtu aliyeteguka kujitoa mtaroni.

Barua hii ukiisoma, ichome. Na usipandishe bendera ile.

Mpwa wako

20 Mei

Mjomba, shikamoo.

Mama hajambo na anauliza habari zako, nami namwambia uko na kazi nyingi. Mkazamjomba naye hajapata neno. Amesema kwa utani kwamba umeoa huko. Tulicheka sote watatu, na hakuna aliyekuwa anacheka.

Siku ishirini na tano. Nimepiga namba ya kambi, akapokea kijana, akaniuliza nampigia kwa shughuli gani, nikakata. Nilifikiri ningesema nini? Nilifikiri pia kwamba simu ile inasikilizwa, halafu nikafikiri kwamba labda barua yangu imefunguliwa, imesomwa, imewekwa kwenye faili, na wewe umekaa mahali unaulizwa. Jana watu wawili wenye makoti walisimama nje ya jengo letu, nikapitia mlango wa nyuma. Walikuwa mafundi wa maji. Niliwaona baadaye wakifukua bomba.

Nimejaribu kukirekebisha mwenyewe kwa siri. Haiwezekani, Mjomba. Kipande kilichofaulu kimefungwa, hata mimi niliyekizaa sina ufunguo.

Umebaki mwezi mmoja. Niandikie hata neno moja.

Mpwa wako

2 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba, na marahaba ya pili kwa barua ya pili. Daraja lilikatika, lori halikuja wiki tano, tumekula maharage mpaka tukawa tunajibizana bila kufungua midomo. Barua zako zote mbili nimezipata siku moja. Nimezichoma jikoni kwa mpishi. Mke wangu mwambie sijaoa, hakuna wa kuolewa huku ila nyumbu wa kubeba maji, naye ana msimamo.

Nimesoma na kuelewa. Nilikaa juu ya kreti la risasi kama mzee.

Kisha nilimwendea kapteni. Nilimwambia, afande, mtu akinyamaza mashine inamfuta. Akasema, "Sajenti, wewe hupendi mashine tangu siku ya kwanza." Ni kweli, sikuweza kukataa.

Basi Alhamisi, kwenye mazoezi madogo, nilivaa fulana, nikashuka mwenyewe, nikalala kwenye mtaro wa Mlingoti, mgongo majini. Nilimwacha koplo wangu chini ya bendera na nikamwambia: usipandishe hata ukiamriwa, nikifa isiwe kwa mkono wako. Nilihesabu kwa sauti. Nilipofika arobaini na mbili nikasikia kwenye redio sauti ya kapteni, tulivu, kama mtu anayeagiza chai: "Bonde jeupe. Pandisha bendera."

Mpwa wangu, nimekwenda vitani mara mbili. Sijawahi kusikia kitu kama kile: kuambiwa hupo, na mtu ambaye hana ubaya nawe.

Koplo hakupandisha. Nilisimama nikapunga mikono. Nilidhani kapteni atatetemeka, nilimwonea huruma kabla hata sijafika juu. Badala yake akasema nimezima kifaa makusudi kuharibu mali ya jeshi. Nimeondolewa kwenye bendera. Amewekwa sajenti kijana, mzuri, mtiifu, anaiamini mashine kama mamake. Tarehe ishirini iko palepale. Mimi nasubiri watu wa uchunguzi kutoka makao. Hawajafika, kwa hiyo bado hakuna aliyeniuliza nilijuaje, nami sijasema.

Wewe tulia. Usifanye neno. Mambo ya jeshi tuachie wanajeshi.

Mjomba

13 Juni

Mjomba, shikamoo.

Mama yuko salama, hajui lolote. Pacha wa wivu naye kang'oka jino hatimaye, amelifunga kwenye karatasi anakutunzia.

Sikutulia. Barua yako nimeipata tarehe kumi. Wewe umelala kwenye maji kwa ajili ya sheria niliyoiandika nikila karanga. Nilijua kuwa nikikaa kimya siku kumi zaidi nitakuwa nimekaa kimya maisha yangu yote.

Kesho yake sikwenda kazini. Nilikwenda ofisi ya mkaguzi mkuu wa vifaa, ile iliyo juu ya viwanja vyote. Nilikaa kwenye benchi toka saa mbili asubuhi mpaka saa nane mchana. Mkaguzi ni mzee, miwani yake imefungwa kwa uzi. Nilimweleza kila kitu: ghala, mizimu, rafu, sekunde arobaini. Akanisikiliza vizuri, halafu akasema, "Binti, haya ni maneno ya mezani. Bondeni ulikuwepo?"

"Sikuwepo."

"Una nini basi kutoka bondeni?"

Nilikuwa nazo kwenye mkoba. Nilikuwa nimezibeba bila kujua kwa nini, au nilijua. Nikampa barua zako, Mjomba. Zote tatu.

Alizisoma kwa sauti, polepole. Alicheka kwenye vitunguu. Alicheka kwenye matusi ya Mlingoti, nikamchukia. Alipofika mtaroni aliacha kucheka, akavua miwani, akarudi mwanzo wa ukurasa.

"Huyu sajenti ni nani wako?"

"Mjomba wangu. Tumbo moja na mama yangu."

"Na alijua kwa sababu ulimwambia."

"Ndiyo. Mimi ndiye niliyemwambia."

Akaandika. Mimi nikatia saini, majina yangu yote matatu. Barua amezibakiza, zimepigwa mhuri kila ukurasa. Jana jioni nimeambiwa mazoezi ya tarehe ishirini yanasimamishwa, na viwanja vingine sita pia, mpaka kipande kifunguliwe. Mia tatu na arobaini, Mjomba. Nimeandika namba hiyo kwenye kiganja nisisahau kwa nini nimefanya hivi.

Kadi yangu ya kazini haifungui mlango tena. Mkuu wangu alinipigia, hakunigombeza, aliniuliza kama nimekula. Nimeambiwa nisiondoke mjini. Kila anayepanda ngazi nasubiri asimame kwenye mlango wangu.

Lakini wewe huna kosa. Ulisema bado hawajakuuliza ulijuaje. Watakapokuuliza, sema ukweli mtupu, utalingana na nilichokisema mimi, hawatakuwa na pa kukushika. Ndiyo sababu naandika upesi. Nitampa karani wa posta mkononi, ameniahidi itaondoka na lori la kwanza.

Mpwa wako

14 Juni

Mpwa wangu mpenzi,

Marahaba, hata kama hujanisalimu, maana lori halijaleta kitu. Dada yangu mpe salamu. Mke wangu mwambie paa nalijia.

Keti chini. Leo asubuhi redio imeleta amri: mazoezi yamesimamishwa, hapa na kwingine. Hakuna sababu iliyotolewa. Nimesimama nyuma ya jiko nikacheka peke yangu mpaka mpishi akanipa maji. Bila shaka ule mtaro umefika masikioni mwa wakubwa. Makuruta wanalalamika kwamba wamenyimwa mizinga, wapumbavu wale, wako hai na wamenuna.

Mchana wamefika watu wa uchunguzi, wawili. Nilikuwa nimejiandaa. Wameniuliza nilijuaje habari ya kunyamaza na kufutwa. Nikasema nimegundua mwenyewe, kwa macho, siku ya Mlingoti. Wakauliza kama kuna mtu yeyote wa huko zinakotengenezwa mashine aliyeniambia. Nikasema hakuna. Wakauliza kama nimepata kuandikiana na mtu yeyote kuhusu jambo hili. Nikasema sina hata kalamu. Mmoja alinitazama sana, akaniuliza mara mbili, taratibu, kama anayenipa nafasi. Nilimshangaa. Nikarudia vilevile.

Mwisho akasema, "Sajenti, una mpwa anayefanya kazi ya kompyuta?"

Nikasema sina mpwa. Nikasema dada yangu hakuzaa.

Nimekukana, mwanangu, mbele ya mashahidi, kwa kiapo, na saini yangu iko chini. Unisamehe. Lakini sasa hakuna njia yoyote duniani ya kufika kwako. Wewe kaa kimya tu, na sote wawili tumepona.

Mjomba